Makaburi Yasiyo na Boma

Maji yakimiminwa kutoka kwenye birika: kidogo, kimya, kidogo tena. Kwa waliokulia nyuma ya msikiti wa Riamoturi, sauti hiyo ilimaanisha kwamba mwanamke amefariki na Mama Roda yuko kazini. Wapita njia walipunguza mwendo. Hata mlevi aliyekuwa akiimba alinyamaza mpaka avuke kona.

Jina lake hasa lilikuwa Fardosa binti Warsame. Alizaliwa hapo hapo Riamoturi, mji mdogo wa mabati na matope kati ya Kisii na Nyamira, siku ambazo baba yake alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe na kuzianika nyuma ya nyumba. Warsame alitoka kaskazini ya mbali akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa serikali ya kizungu, na alipofika kwenye vilima hivi vya migomba akachoka kutembea. Akamwoa Nyamoita, binti wa watu wa Ikonge. Watu wa Ikonge walipokea mahari, lakini binti yao alipobadili dini wakamwambia asirudi. Kwa hiyo Fardosa alikua na Ekegusii cha mama yake, Kiswahili cha sokoni, na maneno machache ya Kisomali ambayo baba yake aliyasema akiwa na homa tu.

Aliolewa na Abdiaziz, dereva wa lori la ndizi. Walipata mtoto mmoja, msichana, wakamwita Roda. Roda aliishi siku tisa. Miaka mitatu baadaye lori likapinduka kwenye mteremko, likamwacha Fardosa bila mume. Lakini jina la Mama Roda lilibaki, na mji mzima ukalitumia bila kukumbuka lilikotoka. Wageni waliohamia baadaye walidhani Roda ameolewa Nairobi.

"Na Roda yuko wapi siku hizi?" wangeuliza.

"Yuko hapa hapa tu," angejibu, na kuendelea kushona.

Alishona kwenye baraza ya duka la Praful, muuza vitambaa, mahali pale pale kwa miaka ishirini, mguu juu ya pedali ya cherehani. Kazi ya kuosha maiti hakuichagua. Aliirithi kwa mama yake, kama mtu anavyorithi umbo la pua. Mwanamke akifariki, Praful mwenyewe alishusha jora la marekani, kitambaa cha sanda, kwenye rafu kabla hajaambiwa.

"Mrefu au mfupi, Mama Roda?"

"Mfupi. Lakini kata ya mtu mrefu. Asibanwe."

"Wewe unaharibu kitambaa changu."

"Mimi nitakuharibia kitambaa, wewe utaniharibia macho kwa hizi taa zako. Kata, Praful."

Makaburi yenyewe yalikuwa bondeni, chini ya machinjio ya zamani. Ofisa fulani wa kizungu aliwaonyesha wafanyabiashara wa ngozi sehemu hiyo kwa fimbo yake, akasema wazike hapo, akaondoka. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Warsame alilala pale, na Nyamoita kando yake, na Abdiaziz, na wengine kama arobaini, na pembeni, chini ya jiwe dogo lisilozidi mkate, Roda wa siku tisa. Hayakuwa makaburi ya saruji. Yalikuwa vilima vya udongo na jiwe kichwani, na mvua ya Kisii, inayonyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa, ilikuwa ikivishusha vilima hivyo mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe wa watu waliingia. Mama Roda alitaka vitu viwili kabla hajafa: ua wa seng'enge, na karatasi yenye mhuri.

Ndipo alipofariki Bathsheba.

Bathsheba alikuwa dada yake Nyamongo, mwenyekiti wa baraza la mji. Mwaka wa tisini na tatu alirudishwa kutoka Nairobi amekonda mpaka pete zinamtoka vidoleni. Ulikuwa ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kuinua nyusi. Alipokata roho nyumbani kwao, upande wa Nyaramba, wanawake wa ukoo walisimama mlangoni na ndoo za maji, na hakuna aliyeingia. Jua lilipanda. Mmoja akasema mkono unamuuma. Mwingine akasema ana mimba. Mwishowe Nyamongo akatuma gari mjini.

Mama Roda aliingia, akafunga mlango, akakaa humo peke yake hadi adhuhuri. Alitoka mara moja tu.

"Haya maji ni baridi," alisema kwa Ekegusii. "Nileteeni ya vuguvugu. Huyu nilimshonea sare yake ya kwanza ya shule. Alikuwa haogi maji baridi."

Alipomaliza, Nyamongo alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kicheko cha karibu, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Roda, hii sitasahau. Kuanzia leo wewe ni mtu yetu."

"Nimekuwa mtu wenu tangu nizaliwe, mwenyekiti."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini sasa zaidi."

Na kweli hakusahau. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya mapigano ya mipakani, Nyamongo alitangaza kwamba amri imetoka juu: kila mji uwe na kamati ya jamii zake, ili watu wakae kwa amani. Riamoturi ikaunda kamati ya watu saba. Watano walikuwa Abagusii, na hao waliitwa wenyeji. Wa sita alikuwa Praful, kwa Wahindi. Wa saba, kwa Waislamu, alikuwa Mama Roda, kwa kuteuliwa na mwenyekiti mwenyewe, mbele ya wanaume wote wa msikiti waliodhani kiti hicho ni chao.

Imamu alikunja uso, kisha akaukunjua.

"Haya, nenda. Mungu ana njia zake. Lakini ukifika huko, mama, usisahau waliolala bondeni."

"Imamu, mimi nitasahau?"

Aliivalia kamati kanga mpya. Mkutano wa kwanza ulikuwa katika ukumbi wa baraza, chini ya picha iliyopinda, na ulihusu sherehe za Madaraka. Kila jamii ilipewa wajibu wake. Wenyeji wangecheza ngoma na kuhutubu. Wahindi wangeleta maturubai na viti. Waislamu wangepika pilau.

"Pilau ya watu mia mbili," alisema Nyamongo, "na iwe ile ya ukweli, Mama Roda, si wali umepakwa majani ya chai!"

Wakacheka, naye akacheka. Alipika. Siku ya sherehe alikaa jukwaani na ua la karatasi kifuani, na mkuu wa wilaya alipofika, Nyamongo alimwonyesha kwa mkono: hawa hapa, jamii zetu zote, bega kwa bega. Mwaka huo kamati ilikutana mara nne, na mara nne zote waliulizwa watakacholeta. Hakuna siku waliyoulizwa wanachokosa.

Baada ya kila mkutano karani wa mji, Josiah, kijana mpole aliyefunga tai hata Jumapili, alipitisha kitabu ili watie sahihi. Praful alisaini bila kusoma.

"Husomi?" Mama Roda alimnong'oneza.

"Mimi nimesaini kila kitu tangu uhuru," Praful alijibu. "Nikisoma nitauliza. Nikiuliza, kesho wanakuja kukagua choo changu."

"Na ukisaini?"

"Wanakuja kesho kutwa."

Katika mkutano wa tano Mama Roda aliinua mkono. Alisimama, akaeleza kwa Ekegusii safi, ili mtu yeyote asiseme hakumwelewa. Kuna makaburi bondeni. Hayana ua. Hayana karatasi. Jamii yake inaomba vitu hivyo viwili tu.

Ukumbi ukatulia, si kwa ubaya, bali kama watu walioonyeshwa kifaa wasichojua matumizi yake. Maana katika vilima hivi mtu huzikwa kwao. Kaburi lake liko hatua chache kutoka mlangoni pa nyumba yake, na migomba inamea juu yake, na wajukuu wanalipita wakienda kisimani. Mtu aliyezikwa mbali na boma ni mtu aliyetupwa. Wote waliokuwa ukumbini walikuwa wamewazika baba zao kwa namna hiyo na walitarajia kuzikwa hivyo.

"Lakini hao watu," Nyamongo aliuliza, na aliuliza kwa upole, "kwao ni wapi?"

"Ni hapo, mwenyekiti. Bondeni."

"Hapana, nauliza boma. Baba yako alitoka huko juu, kaskazini. Mbona hamkumrudisha?"

"Hata kuku ana kwao," akadakia diwani mmoja, na watu wakacheka.

Angeweza kumkumbusha mwenyekiti kwamba hakumuuliza kwao ni wapi siku ile ya Bathsheba, maji yalipokuwa baridi. Maneno yalifika ulimini. Akayameza, kwa kuwa siri ya maiti haitoki chumbani, na akakaa.

Labda Nyamongo aliyasoma usoni pake. Aliacha kucheka.

"Sawa, sawa. Andika barua, mama. Tutatuma mpima ardhi. Kitu bila kipimo haina karatasi."

Praful aliipiga barua hiyo kwenye taipu yake. Mama Roda alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizosimama wima kama mistari ya cherehani. Miezi ikapita. Kila alipopita ofisini, Josiah alisimama kumwamkia, akamwambia barua iko mezani. Hatimaye akaambiwa mpima ardhi atakuja Jumatatu. Jumatatu hiyo alikaa bondeni tangu asubuhi, amefyeka nyasi, ameegemeza upya kila jiwe lililoanguka. Hakuna aliyekuja. Jumanne hakuna aliyekuja. Alhamisi aliitwa Ikonge, kwa binamu za mama yake, ambako mwanamke mwingine alikuwa amefariki kwa ule ugonjwa wa nyusi, na watu waliomkataa Nyamoita sasa walikuwa wakimtafuta binti yake. Akaenda. Na Alhamisi hiyo mpima ardhi akaja.

Alikuwa mtu mwaminifu; wote waliomjua wanasema hivyo. Alivuta mnyororo wake wa kupimia kutoka machinjioni hadi mtoni. Aliona nyasi zilizofyekwa na mawe yaliyosimama hapa na pale. Akamwona Bosibori, jirani, anakata majani ya ng'ombe, akamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye adabu wa huku angeuliza.

"Mama, hapa ni boma la nani?"

"Hapa hakuna boma," Bosibori alijibu, na alisema kweli.

"Hata la zamani? Hakuna mtu aliyewahi kukaa?"

"Tangu niolewe sijaona nyumba hapa."

Basi. Pasipo boma, kaburi litakuwa la nani? Hakuuliza zaidi. Aliandika kwenye ramani yake kwamba ardhi ni ya baraza, haina mtu, na akaipa namba arobaini na saba. Kabla ya barua ile, hakuna mtu katika baraza aliyejua kwamba bonde ni mali yao.

Mkutano wa Septemba mwaka wa tisini na sita ulijaa. Palikuwa na soda, na wageni wawili kutoka wilayani. Josiah alisoma ajenda kwa Kiingereza, mbio, kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Kisha Nyamongo akaeleza kwa Ekegusii. Wanawake wa Riamoturi wanachoka kwenda hadi Daraja Mbili kuuza na kununua. Mvua inawanyeshea njiani, mboga zinaoza. Sasa baraza litajenga soko, lenye paa, la jamii zote. Litaitwa Soko la Umoja. Fedha zipo. Mahali papo: ploti namba arobaini na saba.

Mama Roda alilipenda neno hilo, soko. Miaka mingi alikuwa amewaona wanawake wakishuka alfajiri na ndizi mgongoni, wakirudi jioni nazo. Na namba arobaini na saba ilikuwa nini kwake? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wafu wake wamepewa namba.

"Nataka jamii ndogo ziseme," alisema Nyamongo, akiwatazama wageni wa wilayani. "Hapa kwetu hakuna anayesahaulika. Mama Roda, jamii yako inasemaje?"

Alisimama. Akatengeneza mtandio.

"Jamii yangu inaunga mkono," alisema. "Na tunashukuru."

Makofi yakapigwa. Yeye pia alipiga. Kitabu kikapita, akatia zile herufi zake zilizosimama wima.

Vigingi vyekundu vilipandwa Novemba. Aliviona alipoteremka kufyeka: kimoja kando ya baba yake, kimoja kimetoboa ubavu wa kaburi la mwanamke aliyemwosha miezi miwili iliyopita. Alipanda kutoka bondeni akiwa na panga mkononi, mpaka ofisini, na askari wa mlangoni akampisha.

Josiah alisimama kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Vile vijiti bondeni ni vya nani?"

Akafungua kabati, akatoa faili. Akamsomea kwa Kiswahili, polepole safari hii. Kwamba soko lijengwe ploti namba arobaini na saba. Kwamba jamii zote zimeshirikishwa. Kwamba pendekezo limeungwa mkono na Mama Roda kwa niaba ya Waislamu, ambao walitoa shukrani.

"Namba arobaini na saba ni makaburi?"

"Ramani inasema ni tupu, mama."

"Barua yangu mliisoma?"

"Tuliisoma. Ndiyo sababu tulipima." Uso wake ulianza kubadilika alipokuwa akisema, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakitoka chumba cha pili. "Mama, mimi niliandika yaliyosemwa. Wewe ulisimama. Nilikuona ukisimama."

Mpaka leo watu wa Riamoturi wanabishana kama Nyamongo alijua. Wengine wanasema ramani ilimdanganya kama ilivyowadanganya wengine. Wengine wanauliza, kwani chini ya machinjio kuna mabonde mangapi? Nyamongo alimwita Mama Roda akampa soda. Alisema fedha zikirudi wilayani hazitoki tena. Alisema anatoa siku kumi na nne, kila mtu achukue wafu wake awapeleke kwao.

"Na wewe, mama, kibanda cha kwanza ni chako. Kule mbele, karibu na barabara. Nilisema sitasahau."

Soda hiyo hakuinywa.

Msikitini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nakala ya yale maandishi ilifika huko kabla yake, na Ijumaa wanaume walisoma jina lake kwa sauti. Hakuna aliyetaka kusikia habari za namba. Alikuwa amekaa jukwaani na ua kifuani; alikuwa amepika pilau yao; sasa ameuza makaburi kwa kibanda. Wiki hiyo alifariki mke wa muuza nyama, na maji yakamiminwa na mikono ya mtu mwingine, aliyeletwa kutoka Kisii. Mama Roda alikuwa kwenye baraza ya Praful. Praful alishusha jora la marekani, akalikata kimya, akalipeleka mwenyewe.

Aliporudi, alisimama kando ya cherehani.

"Sisi wetu tunawapeleka Kisumu kuchomwa," alisema. "Nilikuwa naona ni shida. Sasa naona ni akili."

"Nyamaza, Praful."



Siku ya kumi na mbili wanaume walianza kuchimba. Walikubaliana kuwahamisha wale tu ambao mifupa yao ingepatikana. Wangelazwa pamoja katika kipande kidogo nyuma ya msikiti, pasipotosha mtu kugeuka. Wanawake hawakuitwa. Lakini alasiri, mvua ikikaribia, imamu mwenyewe alikuja hadi barazani. Hakumtazama machoni.

"Kuna kaburi moja dogo," alisema. "Hakuna anayejua lilipo. Jiwe limeng'olewa na wapima ardhi."

Aliacha kitambaa chini ya sindano, akamfuata. Wanaume walisogea, wengine wakageuza nyuso. Warsame alikuwa ameshatolewa, na Nyamoita, na Abdiaziz. Mashimo yao yalikuwa wazi na maji mekundu yalianza kukusanyika ndani. Mama Roda alihesabu hatua kutoka shimo la mume wake kuelekea mtoni, kama alivyozihesabu kila mwezi kwa miaka zaidi ya ishirini, akaelekeza kidole.

Walichimba hadi magoti. Udongo mtupu.

"Labda huku," akasema imamu.

Wakachimba huku. Udongo mwekundu, laini, bila kitu. Mtoto wa siku tisa ana mifupa kama ya ndege, na udongo wa Kisii una njaa. Wakachimba mara ya tatu, na mvua ikaanza, na mmoja wao akatupa jembe chini, akasema kwa hasira labda huyu mama hajui.

Mama Roda alichutama kwenye ukingo wa shimo, kanga yake ikiloa. Alichukua bonge la udongo, akalipapasa kama mtu anayepima kitambaa, akalirudisha mahali pake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, na wote wakaacha kuchimba ili wasikie:

"Mwacheni. Nitazoea kununua vitunguu juu yake."